Sanduku Lisilo na Kelele: Namna Data Ilitoka Kwenye Jumba la Kampuni na Kufika Chini ya Meza Yetu



Leo siandiki juu ya mbolea wala juu ya ugonjwa wa mihogo, hata kama njo kazi nilisomea. Naandika historia ya kitu chenye sisi wote tunatumia kila siku na hatujiulizi kilitoka wapi: mahali pa kuwekea data. Na nianze na aibu yangu mwenyewe, juu bila ile aibu nisingesoma hii historia hata siku moja.

Nilipokuwa namaliza licence ya agronomia, nilipima maharage ya kupanda juu ya miti kule Kabare, misimu miwili, msimu A na msimu B. Vipande 36 vya shamba, aina nne za mbegu. Kila wiki napanda na motari, napima urefu, nahesabu maganda, narudi Bukavu na viatu vya matope. Jioni nanakili kila kitu kwenye kompyuta ya kuazima, halafu naweka kwenye flashi. Wiki moja mbele ya kutoa mémoire, naingiza flashi kwenye mashini, mashini inaniambia hakuna kitu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, kwa wa pili, kwa wa tatu. Bure.

Mutaniuliza: na daftari la shambani? Daftari mudogo wangu alikuwa ameishaliwashia makala, ukurasa kwa ukurasa, juu mimi mwenyewe nilimwambia ile karatasi haina kazi tena, kila kitu kiko ndani ya flashi.

Nilitetea kazi yangu na msimu mmoja tu, wenye nilikuwa nimemtumia mwalimu mbele. Walinipitisha. Lakini jambo lenye liliniuma haikuwa pointi. Ni mama mwenye alitukopesha shamba. Nilipopanda kumushukuru aliniuliza: «Mwanangu, ile mbegu ya pili, wakati mvua ilikatika, ilizaa namna gani?» Jibu nilikuwa nalipima kwa mikono yangu. Sikuwa nalo tena.

Tangu ile siku nikaanza kutafuta: watu walifanyaje mpaka leo ili maandishi yasipotee? Na mtu wa kawaida, mwenye kupanga chumba kimoja, anaweza kufanya nini? Haya njo nilipata.

1. Tani moja kwa ajili ya picha moja

Mwaka 1956, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashini yenye waliita RAMAC. Ilitengenezwa San Jose, California, na kikundi chenye kuongozwa na Reynold Johnson, mtu mwenye kwanza alikuwa mwalimu wa shule. Mbele ya pale, data za kampuni zilikuwa zinakaa kwenye kadi za karatasi zenye kutobolewa matundu, ao kwenye ukanda wa sumaku. Shida ya ukanda unaijua kama ulikua na kaseti nyumbani: ukitaka wimbo wa mwisho, lazima upitishe zote za mbele.

RAMAC ilileta wazo lingine. Sahani 50 za alumini, kila moja na upana wa sentimita 61 hivi, zimepangwa moja juu ya nyingine, zinazunguka mara 1,200 kwa dakika. Mkono unaenda moja kwa moja kwenye sahani yenye unataka. Juu ya sahani walipaka rangi yenye oksidi ya chuma, yaani ndugu ya kutu, na sumaku inaandika ndani ya ile kutu.

Sasa sikilizeni hesabu. Ile mashini yote ilibeba herufi milioni 5. Leo ni kama picha moja ya simu. Uzito wa sehemu ya diski peke yake: karibu tani moja. Walikuwa wanaikodisha, na bei ya kukodi mfumo mzima ilikuwa dola 3,200 kwa mwezi, dola za miaka ya 1950. Ilihitaji jumba lake, baridi yake, wafanyakazi wake. Kelele, hakuna mwenye aliuliza. Nani angelala karibu na tani moja ya chuma yenye kuzunguka?

Basi kumbuka hapa pa kuanzia: kuhifadhi data kulikuwa kazi ya matajiri, mbali na nyumba.

2. Kobalti yetu iko ndani

Hapa tusimame kidogo, juu historia hii iko na mguu mmoja nyumbani.

Ile rangi ya kutu ilitumika miaka mingi. Lakini kadiri watu walitaka kuandika herufi ndogo zaidi, rangi ikawa nene sana na yenye mabonde. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vikaanza kuiacha na kuweka utando mwembamba kabisa wa metali, na metali kubwa ndani ya ule utando ni kobalti, pamoja na kromi na nyingine. Juu ya nini kobalti? Juu inashika sumaku kwa nguvu na haisahau haraka. Ukiilaza upande mmoja, inabaki upande ule kwa miaka.

Na kobalti inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya ile inachimbwa duniani inatoka hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Hata zamani ilikuwa vile. Mwaka 1978, vita ilipofika Kolwezi, bei ya kobalti ilipanda dunia nzima, na viwanda vya mbali sana vikatetemeka. Tena ndani ya vibao vya umeme vya kompyuta kuko vipande vidogo vya tantali, ile tunaita koltani, yenye sisi watu wa Kivu tunajua bei yake kwa dola na kwa damu.

Sisemi hivi ili tulie. Nasema ili mwanafunzi wa Congo asifikiri kwamba diski ni kitu cha wageni. Kumbukumbu ya dunia imeandikwa juu ya metali ya kwetu. Jambo la ajabu ni kwamba kumbukumbu zetu sisi wenyewe bado ziko kwenye flashi ya dola tano.

3. Diski inapunguka

Kutoka tani moja mpaka kitu cha kubeba mkononi ilichukua karibu miaka 25. Mwaka 1980, kampuni ya Alan Shugart, ile baadaye ilijulikana kama Seagate, ilitoa diski ya inchi 5 na robo. Ilibeba megabaiti 5, karibu sawa na RAMAC, lakini iliingia ndani ya kompyuta ya mezani. Mwaka 1983 kampuni Rodime ya Scotland ikatoa ya inchi 3 na nusu. Mwaka 1988 PrairieTek, Wamarekani, wakatoa ya inchi 2 na nusu, ile saizi ya kompyuta za kubeba. Hizi saizi mbili za mwisho njo tunatumia paka leo. Ukifungua kompyuta nzee ya ofisi utakuta ile kubwa. Ukifungua ya kubeba, ile ndogo.

Mwaka ule ule wa 1988, Mfaransa Albert Fert na Mjerumani Peter Grünberg, kila mmoja kwa upande wake, waligundua kwamba tabaka nyembamba za metali zikiwekwa pamoja, kipimo chao cha kuzuia umeme kinabadilika sana mbele ya sumaku ndogo. Maana yake: kichwa cha diski kinaweza kusoma alama ndogo kabisa. Mwaka 1997 IBM iliingiza ile kwenye diski za kuuza, na uwezo wa diski ukapanda kwa mbio. Mwaka 2007 wale wanafizikia wawili walipata tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mtu akikuambia fizikia ya maabara haina faida sokoni, mwonyeshe diski.

4. Hesabu ya siku 12

Sasa tunaingia kwenye wazo lenye lilinifanya nikae wima kwenye kiti.

Miaka ya 1980, diski kubwa za mashini kubwa zilikuwa ghali. Diski ndogo za kompyuta za mezani zilikuwa bei chini. Watu watatu wa chuo kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wakauliza: kwa nini tusinunue ndogo mingi badala ya kubwa moja? Mwaka 1988 waliwasilisha andiko lao, na neno RAID likazaliwa.

Shida waliisema wenyewe kwa uwazi. Chukua diski moja yenye kwa wastani inaishi saa 30,000. Ni zaidi ya miaka mitatu. Sasa weka 100 pamoja. Wastani wa kungoja mpaka moja ife si miaka mitatu tena: ni saa 300. Siku 12 na nusu! Ukigawa data yako kwenye diski 100, na moja ikifa unapoteza kazi, basi kila wiki mbili ni matanga.

Dawa yao niieleze kwa lugha ya shamba. Uko na vipande vitatu vya maharage. Cha kwanza kimetoa kilo 12, cha pili 9, cha tatu 14. Kwenye karatasi ya nne unaandika jumla tu: 35. Mvua ikaloanisha karatasi ya kipande cha pili. Umepoteza? Hapana. 35 toa 12, toa 14, inabaki 9. Umeipata bila kupanda tena Kabare. Diski ya ziada inafanya kazi ile: inabeba jumla, na diski yoyote moja ikifa, zile zingine zinarudisha yake. Na kama uko na diski mbili tu, njia ni rahisi zaidi: kila kitu kinaandikwa mara mbili, kama kioo.

Herufi ya I kwenye RAID mwanzoni ilikuwa na maana ya «bei chini». Baadaye wauzaji wakaigeuza kuwa «yenye kujitegemea», juu nani mwenye kuuza mashini ya bei kali anataka kuandika juu yake neno «bei chini»? Lakini wazo la asili lilikuwa lile: vitu vya maskini, vikisaidiana, vinaweza kushinda kitu kimoja cha tajiri. Kwetu tunaita likelemba.

5. Kutoka ofisini kuingia nyumbani

Diski ndogo zimepatikana, namna ya kuzilinda imepatikana. Bado jambo moja: mashini mbalimbali zinaweza vipi kufungua hati ile ile? Kampuni Sun ilikuwa na jibu lake tangu 1984, kwa mashini za Unix. Lakini watu wengi nyumbani na ofisini walikuwa na Windows ao ndugu zake.

Kati ya mwisho wa 1991 na mwanzo wa 1992, mwanafunzi mmoja wa udaktari kule Canberra, Australia, jina lake Andrew Tridgell, alitaka tu mashini zake zisikilizane. Hakuwa na vitabu vya siri vya kampuni. Alikaa akaangalia mashini mbili zikiongea kwenye waya, akajifunza lugha yao kama mtoto anajifunza lugha kwa kusikia, halafu akaandika programu yenye kujibu. Jina alilitafuta kwenye orodha ya maneno ya kompyuta: neno lenye kuwa na S, M na B, herufi za ile itifaki, kwa mfuatano. Likatoka Samba. Na aliitoa bure. Leo karibu kila sanduku la kuhifadhia data nyumbani liko na Samba ndani yake. Mwanafunzi, wapendwa. Hakuwa mkurugenzi.

Mwaka 2004 Linksys ilitoa kisanduku kidogo NSLU2. Hakikuwa na feni, wala diski ndani. Kilikuwa na matundu mawili ya USB, unachomeka diski yako ya nje. Ndani kilikuwa na Linux, na watu wakagundua kwamba wanaweza kukibadilisha kabisa. Waligundua hata kwamba kiwanda kilikuwa kimepunguza mwendo wa prosesa yake kwa nusu, wakaurudisha. Mwaka 2005 Mfaransa Olivier Cochard-Labbé akatoa FreeNAS, programu ya bure yenye kugeuza kompyuta nzee yoyote kuwa ghala la data. Mwaka 2011 Volker Theile, Mjerumani, akatoa OpenMediaVault. Na mwaka 2005 tena Sun ilifungua ZFS, kazi ya Jeff Bonwick na wenzake, yenye kuweka alama ya hesabu kwenye kila kipande cha data. Ukisoma na alama hailingani, mfumo unajua: hapa pameoza. Kama kuna nakala nzima, inajitibu yenyewe. Mkulima anachagua mbegu zenye kuoza kwa jicho. ZFS inafanya vile kwa hesabu.

6. Juu ya nini kelele?

Hapa wengi wanadhani kelele ni jambo la starehe, eti wazungu hawapendi usingizi wao usumbuliwe. Hapana. Kelele ni habari. Inakuambia umeme wako unaenda wapi.

Kompyuta inakula umeme, na karibu wote unageuka joto. Joto lazima litoke, kwa hiyo feni inazunguka. Feni ndogo lazima izunguke haraka ili kusukuma hewa ya kutosha, kwa hiyo inapiga kelele, na yenyewe inakula umeme, na inavuta vumbi, na vumbi linazuia hewa, na feni inakaza mwendo zaidi. Duara hilo unalivunja mahali pamoja tu: kupunguza wati za mwanzo.

Ndiyo maana historia ya ukimya ni historia ya wati. Mwaka 2001 kampuni VIA ya Taiwan ilileta kibao mama cha sentimita 17 kwa 17, Mini-ITX, na prosesa zingine zilikuwa baridi kiasi cha kutohitaji feni. Mwaka 2008 Intel ilileta Atom. Kwenye diski pia: mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda viliacha gololi kwenye mhimili, vikaweka mafuta membamba, na ule mlio wa nyuki ukapungua sana. Mwaka 2010 HP ilitoa MicroServer, sanduku dogo lenye nafasi ya diski nne na feni moja kubwa ya kuzunguka pole. Mwaka 2012 Waingereza wakatoa Raspberry Pi, kompyuta nzima ya saizi ya kitambulisho, kwa dola 35.

Kwetu hesabu hii ni ya kuishi. Sanduku lenye kula wati 10 usiku na mchana linakula wati-saa 240 kwa siku. Betri ya solea ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya risasi, usitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo 600. Maana yake siku mbili na nusu bila jua na bila kuranti. Kompyuta ya zamani ya mezani yenye kula wati 80 ingemaliza ile betri kwa saa saba na nusu. Ukimya na siku mbili na nusu ni kitu kimoja.

7. Yangambi walifanya nini

Sisi wa agronomia tuko na babu yetu kwenye jambo hili, na hakuwa na diski hata moja.

Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, na makao makubwa ya utafiti yakawa Yangambi, kando ya mto, chini ya Kisangani. Ukoloni ni ukoloni, sitauosha hapa. Walipima ili mashamba ya kampuni yatoe faida, na mikono yenye kupima ilikuwa mingi ya Wakongomani wenye majina yao hayako kwenye vitabu. Lakini walipima, na waliandika. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitoa kazi yao juu ya ngazi: ile ngazi tenera, yenye nyama mingi ya kutoa mafuta, si aina ya kujitegemea. Ni mtoto wa dura na pisifera. Jambo hili unalipata tu kama uko na hesabu za miti mingi, miaka mingi, mzazi na mtoto, bila ukurasa kukosa. Leo mashamba ya ngazi mpaka Malaysia na Indonesia yanasimama juu ya ugunduzi ule.

Tena kuanzia miaka ya 1930 mpaka ya 1950, pale pale Yangambi, watu walikuwa wanazunguka msituni na kuandika: mti huu umetoa maua, huu umeangusha majani, huu umezaa. Karatasi zile zilipita uhuru, zilipita maasi ya 1964, zilipita vita. Miaka ya hivi karibuni zilipigwa picha, zikawekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakazisoma mstari kwa mstari ili ziingie kwenye kompyuta. Leo wanasayansi wanazitumia kuuliza kama msitu wetu unabadilika na hali ya hewa.

Nilisoma ile na nikanyamaza. Mtu mmoja alisimama chini ya mti, miaka zaidi ya 80 imepita, na tunajua alichokiona. Mimi nilisimama chini ya maharage juzi tu, na hakuna mwenye anajua.

8. Sanduku la chini ya meza

Basi nikajenga langu. Sina hela ya kununua la dukani lenye jina kubwa. Nilipata kompyuta ndogo ya ofisi, ile ya kufungwa nyuma ya skrini, imetumika, haina feni. Nikaongeza diski mbili za inchi 2 na nusu, mojamoja, kila moja kutoka duka lake, juu diski za sanduku moja, siku moja, kiwanda kimoja, zinaweza kufa pamoja kama mapacha. Nikaweka programu ya bure, nikazipanga kama kioo, nikaweka Samba. Chini ya kila diski niliweka kipande cha mpira wa ndala nzee, ili mtetemo usiingie kwenye mbao za meza. Mudogo wangu analala mita moja kutoka pale. Usiku wa kwanza aliniuliza: «Ile mashini uliisha kuizima?» Ilikuwa inafanya kazi. Ukimya huo uko na faida nyingine: mwizi hasikii kitu.

Mwezi wa pili nikafanya kosa kubwa, na njo nataka mulibebe nyumbani. Nilikuwa nasafisha, nikafuta folda yenye haikuwa ya kufutwa. Nikajiambia hakuna shida, niko na diski mbili. Kumbe kioo ni kioo: ukijikata ndevu, hata mtu wa ndani ya kioo anakatika. Folda ilitoka kwenye diski zote mbili kwa sekunde ile ile. RAID inakulinda diski ikifa. Haikulindi na mkono wako mwenyewe, wala na mwizi, wala na moto, wala na radi, wala na lava. Ndugu zetu wa Goma, Januari 2002 na Mei 2021, walikimbia na mfuko mmoja. Diski mbili ndani ya nyumba moja iliyoungua ni diski sifuri.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, miaka ya 2000, alilifupisha vizuri kuliko wahandisi wote: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na nakala 1 mbali na nyumba. Nakala yangu ya mbali iko Uvira, kwa mama mdogo, ndani ya diski ya nje iliyofungwa kwenye nailoni pamoja na chumvi, hapana, natania, pamoja na mchele mkavu kidogo juu ya unyevu wa ziwa. Kila miezi mitatu mtu wa familia akisafiri, diski mbili zinabadilishana njia. Si teknolojia kubwa. Ni basi. Lakini inafanya kazi.

Na ya mwisho: nakala yenye hujajaribu kuifungua, usiihesabu. Kila mwezi nafungua faili moja kutoka kwa kila nakala, naisoma mpaka mwisho. Mbegu pia, mbele ya kupanda ghunia zima, unaotesha kumi kwenye kitambaa.

9. Sasa sisi

Kila mwaka mamia ya mémoire zinatetewa kwenye vyuo vyetu vya mashariki. Udongo wa Walungu, samaki wa Tanganyika, mnyauko wa migomba, maziwa ya Masisi. Kitabu kinabaki kwenye rafu, na jedwali la kurasa za mwisho kimefupishwa. Hesabu zenyewe, zile za shambani, ziko wapi? Kwenye flashi, kwenye simu iliyouzwa, kwenye kompyuta ya kuazima. Halafu mwaka wa nyuma mwanafunzi mwingine anatumwa kupima kitu kile kile kutoka sifuri, na mama wa Kabare anakopesha shamba tena, bila jibu la mara ya kwanza.

Shirika letu la wenye diploma linaweza kuwa na sanduku moja kama hili kwa kila mji. Si ya kuonyesha wafadhili. Wati 10, diski mbili, mtu mmoja wa kuangalia, na sanduku la mji mwingine lenye kubeba nakala yake: Bukavu kwa Kisangani, Kisangani kwa Lubumbashi, Lubumbashi kwa Bukavu. Likelemba ya data. Nimeishaandika orodha ya vifaa na hatua za kuvipanga. Mwenye kutaka nitampa, na mwenye kompyuta nzee isiyo na kazi nyumbani asiitupe.

Msimu A uliopita nilirudi Kabare. Mama alinipa tena kona ya shamba, ndogo kuliko ya kwanza. Nimepanda ile mbegu ya pili. Mvua ilikatika wiki tatu katikati ya maua, sawa na mwaka ule, na nimepima kila kipande. Hesabu ziko Bukavu, ziko Uvira, na ziko kwenye daftari lenye nimekataza mtu kugusa, hata kama makala yanakataa kuwaka.

Aliponiuliza safari hii, nilifungua simu na nikamsomea.